Sukari guru, sonara na ng'ombe wa dunia: kusoma mafumbo ya Guru Granth Sahib

Ukurasa wa 360 wa Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, una maelezo ambayo mpika gongo yeyote angeyaelewa bila mkalimani. Chukua sukari guru. Tia maua ya mti uitwao dhava, tia na magome. Washa tanuri, funga kitambaa kibichi cha kupozea mvuke, kisha ngoja matone yadondoke. Mtunzi wa maneno hayo ni Guru Nanak mwenyewe, mwanzilishi wa dini hiyo, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469. Na Singasinga aliyekula kiapo cha dini yake hagusi pombe ya aina yoyote.

Nimekudanganya kidogo, maana nimeruka maneno. Shairi lenyewe linasema hivi: elimu ifanye sukari guru, tafakuri ifanye maua ya dhava, matendo mema yawe magome, na upendo uwe kile kitambaa kibichi. Kinachodondoka mwishoni ni amrit, kinywaji cha kutokufa. Kisha kinakuja kibwagizo: akili iliyolewa kwelikweli ni ile inywayo utamu wa Jina, yaani jina la Mungu. Msomaji aliyefika hapo hatafuti tena pipa wala bomba.

(Hilo "guru" la kwenye sukari yetu, kwa njia, lilitoka huko huko India, lakini halina udugu na guru wa kufundisha. Kwa Kipunjabi ni maneno mawili yenye "r" mbili tofauti. Sisi tumeyakaribisha yote kwa sauti moja.)

Nimeanza na gongo kwa sababu fumbo lake ni jepesi, ufunguo umeachwa mlangoni. Mafumbo mengine ya kitabu hiki yameficha ufunguo wake mbali zaidi, na hapo ndipo watu hugombana. Mmoja atakamata mshororo mmoja na kusema: tazameni, hawa wanaamini Mungu ana pua na nywele. Mwingine, mara nyingi kijana wa humo humo ndani, atajibu kwamba yote ni mafumbo tu, kuanzia malaika wa mauti mpaka moto, kwa hiyo hakuna kinachomdai mtu chochote. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea kwa namna moja: hakuna aliyengoja shairi limalize kusema.

Kwanza tujue ni kitabu cha namna gani. Hakisimulii vita vya wafalme wala maisha ya mtume. Ni nyimbo. Guru Arjan, wa 5 katika Maguru 10, walimu walioiongoza dini hiyo kwa kufuatana, alizikusanya, mwandishi wake akiwa Bhai Gurdas, na mwaka 1604 kitabu kikawekwa katika hekalu la Amritsar. Guru wa 10, Gobind Singh, aliongeza tungo za baba yake, na mwaka 1708, kabla hajafariki huko Nanded, alitangaza kwamba baada yake Guru ni kitabu hicho. Kwa chapa ya sasa kina kurasa 1,430, na kila ukurasa huitwa ang, yaani kiungo cha mwili. Sehemu kubwa imepangwa kwa raga 31, ambazo ni mahadhi ya muziki. Ukikifungua ukitafuta sura ya "ndoa" au ya "mbingu" hutaipata. Utakuta mahadhi ya alfajiri, mahadhi ya jioni, mahadhi ya majonzi, na ndani yake Mungu, mauti, mke, jembe na samaki vimechanganyika kama vinavyochanganyika maishani.

Walioimba humo, ukiacha Maguru wenyewe, wengi ni watu wa kazi za mikono. Kabir alikuwa mfumaji wa nguo, Ravidas mshona viatu. Yumo pia Sheikh Farid, Sufi wa Kiislamu wa Punjab. Kwa hiyo mafumbo yao yananuka karakana. Naomba tuingie katika moja tuitazame kwa karibu.

Japji ni sala ambayo Masingasinga huisoma alfajiri, na ndiyo inayofungua kitabu. Katika beti la 38, la mwisho, Guru Nanak anampeleka msomaji kwa suniar. Hilo ndilo neno la Kihindi lililotupa "sonara" wetu. Anasema:

Kujizuia ndiyo karakana, subira ndiye sonara.
Akili ni fuawe, elimu ni vyombo vya kufulia.
Uchaji ni mivukuto, mazoezi makali ndiyo moto.
Upendo ni chungu. Humo mimina amrit.
Hapo Neno hufuliwa, katika karakana ya kweli ya sarafu.

Njia ya kawaida ya kufafanua beti hili ni kutengeneza jedwali: fuawe ni akili, mivukuto ni uchaji, basi umemaliza. Jedwali hilo ni sahihi, ila limekufa. Aliyewahi kukaa kwenye kibaraza cha sonara anajua kwamba vyombo vile havifanyi kazi kimoja kimoja. Mivukuto haiunguzi kitu. Kazi yake ni kupeleka pumzi ili moto usizimike. Kwa hiyo uchaji katika shairi hili hauunguzi mtu, unauweka hai moto mwingine. Fuawe haipigi, inapigwa, na haisogei. Ingesogea, nyundo ingeharibu pete. Hiyo ndiyo akili anayoitaka Nanak, itulie chini ya kipigo. Kisha mtazame sonara mwenyewe. Ungetarajia awe Mungu, au Guru, au mwanafunzi. Ni subira. Mkono wenye haraka humwaga dhahabu sakafuni.

Fumbo la namna hii ni mtambo, na mtambo huulizwa unavyofanya kazi. Ukitoa kifaa kimoja ukakitafsiri peke yake, umebaki na chuma mkononi.

Tuje kwenye ng'ombe. Katika masimulizi ya kale ya India, dunia imebebwa na ng'ombe dume mweupe. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana nasi wazee walisimulia habari za ng'ombe aliyebeba dunia kwa pembe, akichoka akahamisha, nasi tunahisi tetemeko. Katika beti la 16 la Japji, Guru Nanak anamtaja ng'ombe huyo waziwazi. Mtu mwenye pupa angesoma nusu ya kwanza na kuandika: Masingasinga wanaamini dunia iko mgongoni mwa ng'ombe.

Lakini mshororo wenyewe unasema ng'ombe huyo ni dharma, yaani wajibu na uadilifu, na ni mwana wa huruma, na kwamba kuridhika ndiko kunakoushika uzi wa mpangilio. Halafu mtunzi anauliza kwa utulivu kabisa: ng'ombe huyo ana mzigo kiasi gani juu yake? Mbele ya ardhi hii iko nyingine, na nyingine, na nyingine. Sasa uzito wote huo, chini yake pana nguvu gani ya kuuhimili? Kwa lugha ya mtaani: sawa, ng'ombe kabeba dunia, na ng'ombe naye kasimama juu ya nini?

Swali hilo liliulizwa zaidi ya miaka 480 iliyopita, tena ndani ya sala. Wala Nanak hamchinji ng'ombe wa watu. Anambakiza, anambadilishia kazi. Anayesikiliza ameachwa na picha aliyoizoea tangu utotoni, lakini sasa inasema kwamba kinachoizuia dunia isiporomoke ni watu kutendeana haki, na kwamba haki hiyo huzaliwa na huruma. Kwangu mimi hili ndilo beti la kumpa mtu kwanza kabla hajafungua kurasa nyingine, kwa sababu linaonyesha jinsi watunzi hawa wanavyozishika hadithi za majirani zao. Mbele ya safari utakutana na Ram na Krishna wa Wahindu, Yama wa mauti, Chitragupta mwandishi wa madaftari ya matendo, hata Azraili. Utamkuta Mungu akiitwa Hari, jina la Kihindu, ukurasa huu na Allah ukurasa ule. Ufunguzi wa kitabu umekwisha kusema kwamba Mungu huyo ni mmoja, hana hofu, hana uadui, wala hazaliwi katika tumbo lolote. Kwa hiyo jina "Ram" likitokea halimaanishi moja kwa moja yule mwana wa mfalme wa Ayodhya. Ni jina lililokuwa midomoni mwa watu, likapewa mzigo mpya.

Ile pua je? Ipo, ukurasa wa 567. Guru Nanak anaimba: macho yako yanavutia, meno yako yanapendeza, pua yako nzuri, nywele zako ndefu, mwili wako ni dhahabu. Anayeambiwa ni Mungu. Na katika kitabu hicho hicho Mungu ni Nirankar, asiye na umbo. Je, mtunzi amejisahau?

Jibu liko kwa anayesema, na anayesema katika wimbo ule ni bibi harusi. Kwenye taarabu mwimbaji akimtaja tausi hakuna anayeangaza darini kumtafuta. Kila aliyepo ukumbini anajua tausi ni nani, na wengine wanajua mpaka anakaa nyumba gani. Wimbo wa mapenzi una haki zake, na moja ya haki hizo ni kuhesabu meno ya mpenzi. Lakini Nanak huyo huyo, katika wimbo mwingine wa ukurasa wa 13, anasema: una macho elfu, wala huna jicho, una maumbo elfu, wala huna hata moja. Picha imejengwa na kubomolewa ndani ya pumzi moja. Lugha haina njia ya kumsifu asiyeonekana ila kwa vitu vinavyoonekana, basi mtunzi anavitumia na hapo hapo anakwambia usivikalie.

Wimbo huo wa ukurasa wa 13 una kisa chake hadi leo. Unaitwa Arati, jina la ibada ya Kihindu ya kuzungusha sinia lenye taa mbele ya sanamu. Nanak anasema anga ndiyo sinia, jua na mwezi ndizo taa, nyota ni lulu zilizotandazwa, upepo unapepea kwa usinga, na misitu yote ni maua. Ukisikia hivyo utasema sinia la shaba limekwisha kazi. Kanuni za maisha ya Masingasinga zilizoidhinishwa Amritsar mwaka 1945 zinakataza kuzungusha taa za namna hiyo mbele ya kitabu. Hata hivyo huko Nanded na Patna, kwenye mahekalu yao mawili makubwa, taa huzungushwa huku maneno hayo hayo yakiimbwa. Sisemi nani ana haki. Nasema tu kwamba namna ya kusoma fumbo inaweza kuamua nini kimeshikwa mkononi wakati wa ibada.

Turudi kwa bibi harusi, maana ndiye msemaji anayekutana nawe mara nyingi zaidi. Watunzi wote wa kitabu ni wanaume, na wengi wao, mara kwa mara, husema kwa sauti ya mwanamke anayemngoja mumewe. Guru Amar Das, wa 3, anaeleza sababu: humu duniani mwanamume ni mmoja, wengine wote ni wanawake. Akimaanisha kwamba mbele ya Mungu hakuna mwenye cheo cha bwana, awe na ndevu au asiwe nazo. Wapo wasomaji wa leo wanaolalamika kwamba mke wa nyimbo hizi ni wa kujipamba, kutii na kungoja. Ni kweli, picha imetoka katika nyumba za Punjab za karne ya 15 na 16, na haina sababu ya kujifanya imetoka kwingine. Shida huanza pale mtu anapoichukua picha ya roho na Mungu akaifanya amri kwa mke wake.

Guru Amar Das aliliona hilo mapema, kwa jambo la kufa na kupona. Wakati wake wapo wajane waliochomwa moto pamoja na maiti za waume zao, wakaitwa sati, wanawake wakweli. Ukurasa wa 787 anasema: msiwaite sati wale wanaoungua juu ya kuni, sati ni wale wanaokufa kwa kipigo cha kutengana. Neno ni lile lile, lakini ametoa moto. Ukurasa unaofuata anafanya hivyo kwa ndoa yenyewe: mume na mke si wale wanaokaa pamoja tu, ni wale wenye mwanga mmoja katika miili miwili.

Ndiyo maana harusi ya Kisingasinga humshangaza mgeni. Bwana na bibi harusi huzunguka kitabu mara 4, na kila mzunguko huimbwa beti moja kati ya manne yaliyotungwa na Guru Ram Das, wa 4. Mgeni anasubiri kusikia habari za mume kumtunza mke na mke kumheshimu mume. Hazimo. Mabeti yote manne yanaeleza roho inavyomwendea Mungu hatua kwa hatua, tangu kuanza wajibu hadi kufika nyumbani. Watu wawili wanatembea kwa miguu yao ndani ya fumbo linalohusu ndoa nyingine.

Sasa tahadhari kwa wapenzi wa majedwali. Umeshaandika pembeni: bwana harusi ni Mungu. Fungua ukurasa wa 1377, mwanzo wa beti za Sheikh Farid. Siku ya harusi imepangwa na kuandikwa, anasema, na malaika uliyekuwa ukimsikia tu kwa masikio sasa anakuja kuonyesha uso. Roho ni bibi harusi, mauti ndiye bwana harusi. Atamwoa na kuondoka naye. Neno alilotumia kwa malaika ni malak, nasi hatuhitaji kutafsiriwa. Harusi ni ile ile, bwana amebadilika, na kile kinachotetemesha katika beti la Farid ni kwamba umekuja na shangwe za harusi ukakuta ni msiba.

Farid hayuko peke yake katika kutumia maneno tunayoyajua. Ukurasa wa 140 hadi 141 Guru Nanak anamwambia Muislamu: huruma iwe msikiti wako, uaminifu uwe msala, chumo la halali liwe Kurani, haya iwe tohara, mwenendo mwema uwe saumu, matendo yawe Kaaba. Sala ni 5, nyakati ni 5, na majina yake ni 5: ya kwanza ukweli, ya pili halali, ya tatu heri kwa jina la Mungu, ya nne nia njema, ya tano sifa zake. Katika Kipunjabi cha beti hizo utasikia masit, musalla, halal, Kaaba, kalma. Mswahili anaweza kuzisikia bila kamusi.

Wengine husoma hapo kwamba Nanak alikuwa akifuta sala na saumu. Mimi sioni hivyo. Anazungumza na mtu aliye tayari kwenye msala, na anachomwambia ni kwamba msala bila uaminifu ni mkeka. Huenda akawa anamdai zaidi, si kidogo. Na kama kuna mtu bado anadhani fumbo ni njia ya kulegeza masharti, amsome Nanak ukurasa huo huo wa 141: haki ya mtu mwingine kwa huyu ni nguruwe na kwa yule ni ng'ombe. Muislamu na Mhindu wote wameguswa mahali panapouma. Kukwepa nyama ya nguruwe ni rahisi, mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuionja. Kukwepa haki ya mwenzako, mshahara uliochelewesha, mpaka wa shamba uliosogeza hatua mbili, huo ni mfungo wa kila siku.

Wahindu walipata la kwao katika ukurasa wa 471. Mapokeo yanasema Nanak, akiwa bado mtoto, alipelekwa kuvishwa janeu, ule uzi mtakatifu wa begani, akaukataa. Beti linamwambia kuhani: huruma iwe pamba, kuridhika kuwe uzi, kujizuia kuwe fundo, ukweli uwe msokoto, huo ndio uzi wa roho, kama unao, nivishe. Haukatiki, hauchafuki, hauungui, haupotei. Zitazame tena kazi za mikono: kuchambua pamba, kusokota, kufunga fundo. Angeweza kusema tu "dini iko moyoni," kama wasemavyo wengi wasiotaka kufanya lolote. Badala yake ametoa mpangilio wa kazi.

Wasomaji wa ndani wana vyombo vyao vya kufanyia kazi hii, na viwili vinatosha kutajwa. Cha kwanza ni rahau, mshororo ulioandikiwa alama ya "pumzika." Washairi wetu wangeuita kibwagizo, ila huu mara nyingi huwekwa karibu na mwanzo. Ndiyo kitovu cha wimbo. Mishororo mingine huning'inia hapo. Kule kwenye gongo, ule mshororo wa akili inayolewa kwa Jina ulikuwa rahau.

Chombo cha pili ni sarufi. Maandishi ya Kigurmukhi ya kitabu hiki yana irabu fupi mwishoni mwa maneno ambazo Kipunjabi cha leo hakizitamki. "Gur" lenye alama ya "u" mwishoni laweza kuwa Guru anayetenda, likiwa na "i," maana yake ni "kwa njia ya Guru." Fikiria mtu akufutie viambishi vyote vya Kiswahili halafu akuambie utafsiri. Profesa Sahib Singh alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1939, kisha ufafanuzi wa kitabu kizima kwa juzuu 10 kati ya 1962 na 1964, na tangu hapo mafumbo mengi yaliyoelea yakapata pa kusimama. Kabla yake Mjerumani Ernest Trumpp alikuwa ametoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya kitabu, London, mwaka 1877. Alikiona hakina mpangilio na hakina kina, akasema hivyo kwenye dibaji. Alikuwa mjuzi wa lugha bila ubishi. Ila alisoma nyimbo kama mtu anayekagua hati ya kiwanja.

Je, kila kitu ni fumbo? Hapana, na hapa natofautiana na yule kijana wa mwanzoni. Amrit ni fumbo katika beti la sonara, lakini mwaka 1699 huko Anandpur, Guru Gobind Singh alipowalisha watu kiapo cha dini, ilikuwa maji na sukari ndani ya bakuli la chuma, yakikorogwa kwa upanga wenye makali mawili, na watu walikunywa. Nywele ambazo Masingasinga hawazikati ni nywele. Na chakula cha bure cha langar, jiko la hekalu, ni chakula: msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa akisimama kwenye hekalu lao la Makindu anapewa chapati na chai bila kuulizwa dini yake, wala hapewi sitiari ya chapati.

Katikati ya hayo mawili liko eneo ambalo wenyewe hawajakubaliana, na jambo zito kuliko yote huko ni kuzaliwa upya. Ukurasa wa 176 Guru Arjan anaimba: mara ngapi ulizaliwa mdudu na nondo, mara ngapi tembo, samaki na paa, mara ngapi ndege na nyoka, mara ngapi ulifungwa nira ukiwa farasi na ng'ombe. Ukazungushwa katika maumbo lakh 84, hesabu ambayo kwetu ni laki 84 tu. Wafafanuzi wa shule za kale huyachukua maneno haya kama yalivyo: roho imepita huko kweli, na isipojirekebisha itarudi. Wengine, hasa wa karne ya 20 na hii yetu, husema hizo ni hali za mtu akiwa hai: anakuwa nondo anapojitupa kwenye taa, ng'ombe anapoburutwa na nira ya tamaa. Hawa hutaja ule mshororo wa ukurasa wa 267: umbo la mtu, matendo ya mnyama. Wale wa kale nao hufungua ukurasa wa 526, ambako Trilochan, mtunzi mwingine wa humo, anasema anayekufa akiwaza mali huzaliwa tena na tena nyoka, na anayekufa akiwaza majumba huzaliwa pepo. Wa upande wa pili wanalisoma beti hilo hilo na kumwona mzee mwenye pesa akiwa amejikunja juu ya sanduku lake, bado yu hai.

Mimi nina mashaka kwamba beti la Guru Arjan lingeweza kubanwa likae upande mmoja. Anayelisoma kwa fumbo tupu analazimika kueleza mawe na milima, ambayo nayo yamo kwenye orodha: mara ngapi uliumbwa jabali. Anayelisoma neno kwa neno hana budi kukiri kwamba mtunzi hasimulii hata maisha mamoja kati ya hayo laki 84, wala haonyeshi kutaka kujua tembo yule aliishi wapi. Anayataja haraka haraka kama mtu anayepita vituo asivyoshuka. Ila kwenye rahau wote wawili, wa kale na wa sasa, husimama hapo hapo: kutana na Bwana wa ulimwengu, huu ndio wakati wa kukutana, umeupata mwili huu baada ya muda mrefu.